Mzigo Wako Unalala Wapi?

Biashara nyingi za kuagiza na kusambaza bidhaa hazifi kwa kukosa wateja. Zinakufa mali ikiwepo: nusu iko baharini, robo imekwama bandarini, iliyobaki imejaa stoo au iko mikononi mwa wadaiwa wasiopokea simu. Kwenye daftari mwenye biashara ana mtaji wa milioni mia, lakini roli likifika anatafuta mtu wa kumkopesha pesa ya makuli. Hakuibiwa wala hakuuza kwa hasara. Pesa yake imelala.

Vyuoni jambo hili huitwa usimamizi wa ugavi, na Tanzania ina bodi ya kusajili wataalamu wake, PSPTB. Lakini mwenye duka la jumla Kariakoo, Mwanjelwa au Kongowea hahitaji shahada ili aanze. Anahitaji kujiuliza swali moja kila wiki, na kulijibu kwa maandishi: mzigo wangu umelala wapi, kwa siku ngapi, na nani analipia usiku huo?

Makala haya yanafuata mzigo kituo kwa kituo, kutoka kiwandani hadi pesa inaporudi mkononi mwako. Mifano mingi ni ya bidhaa kutoka China kupitia bandari ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiyo njia ya wengi. Anayenunua mpunga Kahama au viazi Njombe atakuta hesabu ni zilezile.

Hesabu siku kabla ya kuhesabu faida

Tuseme una duka Mwanza. Ukiagiza bidhaa China, kiwanda kinachukua siku 30 tangu ulipe malipo ya awali. Meli inachukua siku 35, bandari siku 10, barabara siku 5. Bidhaa zinakaa stoo na dukani siku 60 hadi ziishe, na wateja uliowapa kwa mali kauli wanakulipa baada ya siku 30. Jumla ni siku 170. Pesa yako inaweza kuzunguka mara mbili tu kwa mwaka. Faida yako, baada ya gharama zote, ni asilimia 40 kwa mzunguko. Kwa mwaka ni 80.

Jirani yako ananunua bidhaa hiyohiyo Kariakoo. Mzigo unakaa njiani siku 5, unauzika kwa siku 20, naye hakopeshi. Faida yake ni asilimia 8 tu, na wewe unamcheka. Lakini mzunguko wake ni siku 25, maana yake mtaji wake unazunguka mara 14 kwa mwaka. Nane mara 14 ni 112. Kwa kila shilingi aliyoweka, jirani unayemcheka amekupita.

Hii haina maana kwamba kuagiza nje ni kubaya. Rudi kwenye zile siku 170. Ukitoa mzigo bandarini kwa siku 5 badala ya 10, ukauza kwa siku 35 badala ya 60, na ukakusanya madeni kwa siku 10 badala ya 30, umebaki na siku 120. Mtaji unazunguka mara tatu, na faida inafika asilimia 120. Bei hukuigusa, wala hukumbembeleza Mchina akupunguzie hata senti. Siku zote 50 zimetoka bandarini, stoo na kwa wadaiwa, yaani sehemu ambazo wewe mwenyewe una neno.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchukua karatasi na kuandika kila kituo ambacho mzigo wako wa mwisho ulipita, tarehe ulipoingia na tarehe ulipotoka. Usikadirie. Tafuta risiti, ujumbe wa simu na hati ya shehena. Ukimaliza, zungushia duara kituo chenye siku nyingi kuliko vingine. Anza na hicho.

Kiwandani: jua unanunua nini hasa

Bei ya kiwandani ni mwanzo tu wa gharama. Kabla ya kukubali bei yoyote, uliza imefika mpaka wapi. Vifupisho vya masharti ya biashara, ambavyo Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara kilivitoa mara ya kwanza mwaka 1936 na toleo lake la sasa ni la 2020, vipo kwa ajili ya swali hilo. EXW maana yake unaukuta mzigo mlangoni mwa kiwanda, mengine yote ni juu yako. FOB maana yake muuzaji anaufikisha na kuupakia melini kwenye bandari ya kwao. Kuanzia hapo gharama na hatari ni zako. CIF maana yake muuzaji amelipia meli na bima hadi bandari ya kwako. Hapo ndipo wengi hukosea: kwenye CIF, ingawa muuzaji amelipa nauli, hatari ya mzigo ilishahamia kwako tangu ulipopakiwa kule. Ukiharibika baharini, wewe ndiye unayedai bima.

Halafu piga hesabu ya kodi mapema. Forodha ya Tanzania inatoza ushuru juu ya thamani ya CIF. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una viwango vinne vikuu: asilimia 0, 10, 25, na 35 iliyoongezwa Julai 2022. Bidhaa yako ikiwa kwenye asilimia 25 na thamani yake ya CIF ni shilingi milioni 100, ushuru ni milioni 25. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya milioni 125, nayo ni milioni 22.5. Umefika milioni 147.5 kabla ya tozo nyingine, ada za bandari, wakala na roli. Aliyeona bei ya kiwandani akaongeza "nauli na kodi kidogo" ameanza biashara kwa makadirio ya ndoto.

Wengi wetu huchangia kontena kupitia wasafirishaji wanaotoza kwa ujazo, kodi ikiwa ndani ya bei. Ni njia nzuri kwa mtaji mdogo. Ila uliza mzigo unaingia nchini kwa jina la nani, na utapewa karatasi gani. Mzigo ukiingia kwa jina la mtu mwingine, huna ushahidi wa kodi iliyolipwa, na VAT yake huwezi kuidai hata kama umesajiliwa. Siku ofisa wa kodi akisimama dukani akiuliza mali hii imeingiaje, unafuu wa bei uliopata mwanzo utauona mdogo.

Malipo ya mwisho yasitoke kabla ya mzigo kukaguliwa. Kama huna mtu kule, lipia mkaguzi afungue maboksi aliyoyachagua yeye, si yale aliyotengewa na kiwanda, na akutumie picha na vipimo. Kasoro iliyoonekana kiwandani inarekebishwa na kiwanda. Iliyoonekana Mwanza ni yako.

Na tazama kalenda. Wafanyabiashara wa pwani yetu walilijua hili enzi za majahazi: kaskazi iliwaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi kati ya Desemba na Machi, na kusi ikawarudisha. Aliyechelewa kukusanya mzigo wake alingoja msimu mwingine. Upepo wa leo ni sikukuu za viwanda. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na viwanda vingi hufunga kwa wiki kadhaa. Kabla yake meli hujaa na bei za usafiri hupanda. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni mapumziko. Weka tarehe hizo kando ya misimu yako: Ramadhani na Idi, ambazo husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, Krismasi, kufungua shule Januari, na mavuno ya eneo lako. Anza na siku ya kuuza, kisha rudi nyuma kwa siku za mzunguko. Bidhaa za Idi zinazofika baada ya Idi ni mzigo wa mwaka kesho.

Baharini: unalipia nafasi

Kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 hivi ndani, la futi 40 lina 67, na la futi 40 lililo refu zaidi kwenda juu lina 76. Huwezi kuzijaza zote, kwa sababu maboksi hayapangiki bila kuacha mianya. Kwenye futi 20, ukipata 28 umepanga vizuri.

Sasa tazama boksi lako. Tuseme ni chupa za chai, 12 kwa boksi lenye sentimita 60 kwa 40 kwa 50. Hilo ni mita za ujazo 0.12, na kontena la futi 20 litabeba maboksi 233. Mwambie kiwanda kipunguze boksi hadi sentimita 55 kwa 40 kwa 45. Sasa ni 0.099, na yanaingia 282. Umepata maboksi 49 zaidi, chupa 588, kwa nauli ileile ya meli. Mazungumzo ya boksi huzaa kuliko mazungumzo ya bei, na viwanda huyakubali kwa urahisi zaidi.

Kwa ndege hesabu ni kali zaidi. Mashirika hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Lile boksi la kwanza, hata likiwa na kilo 8, utalilipia kilo 20. Ndege ni ya simu, vipuri na bidhaa ndogo za thamani, au ya kuokoa msimu unaoponyoka.

Bima watu huiona kama pesa ya kutupa. Machi 23, 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika mfereji wa Suez na kuuziba kwa siku sita. Iliponasuliwa, mwenye meli alitumia kanuni ya zamani ya bahari ya kuchangia hasara: wenye mizigo iliyokuwa melini walitakiwa kuchangia gharama za uokoaji kabla ya kupewa makontena yao, ingawa hakuna kati yao aliyekosa lolote. Mwenye bima, kampuni yake ya bima ilisimama mahali pake. Asiye na bima alitoa mfukoni. Kumbuka pia kwamba kampuni ya meli hulipa fidia kwa kikomo kilichoandikwa nyuma ya hati ya shehena, na kikomo hicho kinaweza kuwa chini sana ya thamani ya mzigo wako. Kawaida ni kukata bima ya asilimia 110 ya thamani ya CIF.

Bandarini: karatasi ndizo zinazotoa mzigo

Kontena likishushwa, saa inaanza kulia. Kampuni ya meli inakupa siku chache za bure, kisha inaanza kutoza demareji kwa dola kwa kila siku. Bandari au bandari kavu nayo inatoza ada ya kuhifadhi. Ukishatoa mzigo, kuna siku za kurudisha kontena tupu. Ukizipitisha, unatozwa tena. Siku hizo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo ziulize kabla ya kufunga nafasi, na uombe ziongezwe kabla mzigo haujapakiwa. Ukiomba baada ya kukwama utasikilizwa kwa shida.

Mara nyingi mzigo unakwama kwa sababu ya karatasi: ankara inasema maboksi 233, orodha ya vifurushi inasema 230, jina la kampuni kwenye hati ya shehena limekosewa herufi, cheti cha ubora hakikuombwa kabla mzigo haujaondoka. Bidhaa nyingi zinazoingia Tanzania zinatakiwa zikaguliwe huko zinakotoka chini ya utaratibu wa shirika la viwango, TBS, na dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Kenya kuna KEBS. Vibali hivi havitafutwi meli ikiwa imetia nanga.

Kwa hiyo, siku meli inapoondoka China, wakala wako wa forodha awe tayari na nakala za ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena na vyeti. Nyaraka zinaweza kuingizwa kwenye mfumo kabla meli haijafika, na kodi ikajulikana mapema. Mwulize wakala namba ya HS, yaani namba ya forodha ya kuainisha bidhaa, aliyotumia kwa kila bidhaa na uihifadhi. Tarakimu zake sita za mwanzo ni zilezile duniani, na namba nzima ndiyo inayoamua ushuru. Wakala anayebadilisha namba kila safari kwa bidhaa ileile anakutengenezea kesi. Vivyo hivyo ankara iliyopunguzwa bei: forodha ina haki ya kuikataa na kupandisha thamani, na wakati mnabishana kontena linaendelea kulala kwa dola.

Weka pesa ya kodi kando tangu unapolipa kiwanda. Wengi hutumia shilingi ya mwisho kununua mzigo mkubwa, wakitumaini kupata ya ushuru mbele ya safari. Mzigo mdogo unaotoka bandarini kwa siku 5 una faida kuliko mkubwa unaokaa 40.

Barabarani

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na njiani kuna mizani, kuanzia Vigwaza. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo, na kila ekseli ina kikomo chake. Roli linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umelalia ekseli za nyuma. Anayepakia asimamiwe na mtu anayejua kugawa uzito.

Bei ya roli inafuata mwelekeo. Magari mengi hupanda bara yakiwa na mizigo ya bandarini, na wenye magari hutafuta cha kurudi nacho. Ukiwa na mazao ya kuteremsha Dar es Salaam, bei ya kurudi inaweza kuwa chini sana. Lakini msimu wa mavuno ukifika mambo hugeuka, kila gari linagombewa. Kaa karibu na wenye magari wawili watatu wanaokujua. Dalali wa maegesho awe njia ya mwisho. Kwa mazao, achana na lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Ukiacha kwamba vipimo hivyo vimepigwa marufuku, gunia lisilojulikana uzito linakunyima hesabu ya gharama kwa kilo, na usipojua gharama kwa kilo hujui kama unauza kwa faida.

Mzigo ukiondoka, uwe na lakiri yenye namba na hati ya makabidhiano yenye idadi ya maboksi. Anayepokea akague lakiri kabla haijakatwa, ahesabu mbele ya dereva, aandike upungufu hapohapo, na wote wawili wasaini. Upungufu ulioripotiwa kesho yake hauna mwenyewe. Uliza pia bima ya mzigo ukiwa safarini: bima ya lazima ya gari hailipii maboksi yako.

Wateja wanaotoka Lubumbashi na Zambia wanahitaji neno moja zaidi. Andikeni mzigo unakuwa wao kuanzia wapi: dukani Kariakoo, Tunduma au Kasumbalesa. Foleni za mipakani zinaweza kula siku nyingi, na siku hizo lazima ziwe na mwenyewe kabla hazijaanza.

Stoo: hapa ndipo pesa inapooza

Stoo iliyojaa huonekana kama utajiri. Ukiwa umekopa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, bidhaa za milioni 10 zilizododa miezi sita zimekula riba ya 900,000 bila kuhesabu pango, panya, unyevu na mlinzi. Bidhaa iliyododa iuzwe hata kwa bei uliyonunulia, kisha pesa iende kwenye kinachotoka. Kuing'ang'ania ili usipate hasara ndiyo hasara yenyewe.

Zigawe bidhaa zako makundi matatu. La kwanza ni chache zinazoleta sehemu kubwa ya mauzo. Hizi zihesabiwe kila wiki na zisiishe kamwe. La pili ni za wastani. Zihesabu kila mwezi. La tatu ni nyingi kwa aina lakini ndogo kwa mauzo. Weka chache, na nyingine agiza mteja akitaka. Wengi hufanya kinyume: rafu zimejaa za kundi la tatu, huku ya kundi la kwanza imeisha tangu Jumanne.

Lini uagize tena? Usingoje rafu iwe tupu. Tuseme unauza vipande 20 kwa siku, na mzigo kutoka Kariakoo hukufikia kwa siku 6. Unahitaji 120 vya kukupitisha hadi mzigo ufike. Lakini kuna siku unauza 30, na kuna safari imechukua siku 10. Zidisha 30 kwa 10, upate 300. Tofauti ya 180 ni akiba yako ya tahadhari. Hivyo, vikibaki 300, agiza. Ukiona akiba hiyo ni kubwa mno, usiikate kwa kubahatisha. Tafuta msafirishaji ambaye siku zake hazibadilikibadiliki. Anayefika siku ya 6 kila mara anakuruhusu kuweka mzigo mdogo kuliko anayefika siku ya 3 leo na ya 10 kesho.

Ndani ya stoo, kilichoingia kwanza kitoke kwanza, na kwa vyakula, vipodozi na dawa, kinachokaribia kuisha muda kitoke kwanza. Weka maboksi juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila aina iwe na kadi yake: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, saini. Anayepokea mzigo asiwe ndiye anayeandika daftari, na anayeandika daftari asiwe ndiye anayeuza. Hata kama wote ni ndugu zako. Hasa kama wote ni ndugu zako.

Kwa wateja: deni nalo ni stoo

Mali kauli imejenga biashara nyingi, na haitakwisha. Lakini mzigo ulioutoa kwa mali kauli bado ni wako, ila umelala kwenye stoo ya mtu mwingine na huna ufunguo. Mpe kila mteja kikomo cha kiasi na cha siku, na akikifikia asichukue tena hadi apunguze. Anza na kidogo, ongeza kadiri anavyolipa. Na mpe punguzo anayelipa taslimu: asilimia mbili unayomwachia leo inaweza kuwa rahisi kuliko siku 30 za kumfuata kwa simu.

Habari zitangulie mzigo

Miaka ya 1990 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iligundua jambo la ajabu kwenye nepi zake. Watoto hutumia nepi kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, na mauzo madukani yalibadilika kidogo tu. Lakini oda za wauzaji wa jumla ziliyumba, na oda za kampuni yenyewe kwa wauza malighafi ziliyumba zaidi. Mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wawili walieleza sababu: kila ngazi inakisia kwa kutazama oda ya aliye chini yake, watu huagiza kwa mafungu makubwa, punguzo la bei huwafanya wajaze stoo, na uhaba ukinusiwa kila mmoja huomba zaidi ya anachohitaji.

Hayo yako sokoni kwetu. Minong'ono ikianza kwamba sukari itaadimika kabla ya Ramadhani, kila duka linaagiza mara mbili. Muuzaji wa jumla anaona mahitaji yamepaa, naye anaagiza mara nne. Mwezi ukiisha, walaji wamekula sukari ileile ya kila mwaka, na godauni zimejaa.

Kinga yake ni kujua kinachouzwa kwa mlaji, si kinachoagizwa. Waombe wateja wako watano wakubwa wakutumie kila Jumamosi, kwa ujumbe wa simu, walichouza na kilichobaki. Wape sababu: wakikuambia mapema, bidhaa zao zinatengwa kwanza. Nawe fanya hivyohivyo kwa anayekuuzia. Na usimtegemee muuzaji mmoja tu. Kuanzia mwisho wa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi za Asia na Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na bei za makontena zikapanda hata kwenye njia zisizopita huko. Aliyekuwa na muuzaji wa pili karibu, hata mwenye bei ya juu kidogo, alikuwa na cha kuuza.

Anza na namba tatu

Ukisoma haya yote utaona kazi ni kubwa. Usiifanye yote. Kwa miezi mitatu ijayo fuatilia namba tatu tu. Ya kwanza ni siku za mzunguko, tangu shilingi itoke hadi irudi. Ya pili ni gharama kamili ya kipande kimoja hadi rafuni, ikiwemo kodi, roli, makuli na pango. Ya tatu ni oda ngapi kati ya kila mia ulizitimiza kamili na kwa siku uliyoahidi. Ya kwanza inakuambia pesa iko wapi, ya pili kama unapata faida, ya tatu kama mteja atarudi.

Kisha chagua kituo kimoja, kile ulichokizungushia duara, na ukipunguze siku. Siku zikipungua, nenda kinachofuata. Usiagize mzigo mkubwa zaidi kabla hujajua ule wa mwisho ulilala wapi, kwa sababu kuongeza mtaji kwenye njia inayovuja ni kuongeza kinachovuja.